Ulibaki Kwenye Ua wa Vioo

Kwako Baba Mwanaisha, uliyekaa barabarani kama mtu asiye na kwao,

Assalaam alaykum. Wafu husalimiwa, hilo hata maalim wetu hakatai. Mengine yaliyomo humu atayakataa, lakini yeye hakulala nyumba moja na wewe miaka yote ile, hajui ulivyo mzito wa kuondoka mahali ukishaketi.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu wako Zubeda alitaka kuniandikia kwenye simu, lakini kila nikisema neno yeye analinyoosha. Nikamwambia, weka simu yako chini mwanangu, babu yako hakuoa mwalimu. Darasa la nne nililosoma linatosha kukugombeza. Nikimaliza nitampelekea Seif wa vioo barua hii aibandike kwake barabarani, na kila atakayesimama pale namwomba aisome kwa sauti, maana najua uko hapo. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuacha.

Nianze mwanzo, ili na huyo anayesoma asidhani nimepungukiwa.

Ulikwenda Mnyuzi kufuata machungwa, ukafikia kwa rafiki yako Shabani kama kawaida yako. Huku Kang'ata mvua ikanyesha mpaka makorongo yakajaa na njia ikakatika. Ukafa baada ya sala ya alasiri, umekaa kwenye kiti, kikombe mkononi. Shabani anasema hata chai haikumwagika. Wakakuzika kesho yake asubuhi kwa sababu maiti haiwezi kusubiri maji yapungue. Mimi nilipewa habari kwa simu, nimesimama jikoni, ugali unaungua. Sikukuona ukifungwa sanda. Kaburi sikuliona. Nikaingia eda ya mtu ambaye kwa macho yangu alikuwa amekwenda kununua machungwa.

Nilipotoka eda nikasema nakwenda kumchukua, yeye na gari lake. Mwanaisha akaanza kulia: "Mama, utaendesha peke yako toka Mnyuzi mpaka huku?" Nikamuuliza, wewe ulipoumwa ile homa ukiwa mdogo, nani alikuendesha mpaka hospitali, baba yako mguu wake ukiwa kwenye plasta? Wewe unakumbuka. Ulikaa kiti cha abiria, mguu umeunyoosha juu ya gunia, unanipigia kelele: "Klachi, Mama Mwanaisha, klachi! Hicho si kinu unachokanyaga!" Nilikuchukia siku ile. Lakini tulifika, na toka siku ile najua kuendesha.

Shemeji Bakari naye, mdogo wako, akaleta busara zake. "Shemeji, siku hizi watu hawafanyi tena mambo hayo. Kaka amezikwa, ameombewa, basi." Nikamwambia, mama yenu alimleta kaka yake toka mashamba ya mkonge kwa namna hii hii, na wewe ulikula pilau ya siku ile ukaomba tena.

Mama yako ndiye aliyenifundisha. Mtu wa nyumba hii akizikwa ugenini, anakwenda mtu wake wa karibu, anachota udongo upande wa kichwani, anaufunga kwenye kaniki mpya. Udongo haukai chini wala nyuma kwenye mizigo, unakaa kwenye kiti kama mtu. Njia nzima unamwambia mlipofika. Mkisimama unamwambia tumesimama, mkiondoka unamwambia tunaondoka. Na humgeukii kumtazama usoni. "Usipomwambia twende," mama yako alisema, "atakaa pale pale. Maiti hajui kuwa safari inaendelea." Nilimcheka kimoyomoyo. Nilikuwa bi harusi, sijazika mtu.

Basi nikafika kwa Shabani. Gari lako nililikuta chini ya mchungwa, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Nikaenda kaburini, nikachota. Nikasema, "Baba Mwanaisha, ni mimi. Twende nyumbani." Shabani akanipokea kile kifurushi anisaidie, akayumba. "Shemeji," akasema, "umechota udongo au umechota jiwe la kusagia?" Ulikuwa konzi chache tu za udongo. Tukaubeba wote wawili mpaka garini, tunahema.

Nikatia ufunguo. Pikapu iliyokaa masika nzima bila kuguswa ikawaka hapo hapo. Wewe ukiwa hai haikuwahi kukupa heshima hiyo, siku zote ilitaka kusukumwa.

Ningeweza kuja moja kwa moja. Lakini nakujua. Hapana barabara uliyoipita bila kusimama kwenye vituko vyako. Safari ya nusu siku kwako ilikuwa siku nzima, machungwa yanaoza nyuma, wewe umesimama unatazama upuuzi wa watu. Nikasema nikimpitisha bila kusimama atanuna, na mimi sipendi kusafiri na mtu aliyenuna.

Kwa hiyo nikasimama kwenye behewa. Lile behewa bovu la karibu na reli, ambalo Mama Tatu amelifanya mgahawa. Bado anapuliza filimbi chai ikiiva, bado ameandika "Daraja la Kwanza" kwenye mlango wa choo. Wewe ulikuwa unakaa dirishani, unatazama majani yale yale ya mkonge, halafu unaniuliza, "Tumefika wapi sasa, mama?" Na mimi kila siku nakujibu, "Tumefika kwenye ujinga wako." Safari hii nilikaa peke yangu, kifurushi nimekibeba kwa taabu nikakiweka kwenye kiti cha dirishani. Mama Tatu akaja na vikombe viwili.

Nikamuuliza, "Hiki cha pili cha nani?"

"Si cha mzee?" Akatazama kile kiti, akatazama mlango, halafu akafuta kwenye kanga mikono ambayo haikuwa na maji. "Samahani bibi. Nilidhani nimemwona anaingia."

Nilikunywa changu polepole. Nilipoinuka, chai ya kikombe cha pili ilikuwa imeshuka hadi nusu. Nzi walikuwepo, sikatai. Lakini nzi hawanywi kiasi kile. Nikasema, tunaondoka, nikabeba kifurushi, nikatoka.

Niliogopa? Ndiyo. Lakini nilifurahi pia, na usicheke.

Tukapita mashamba ya mkonge, nikakwambia haya mashamba ya mkonge. Tukaingia Korogwe, nikakwambia Korogwe, mji umekuwa na kelele zaidi. Kabla ya daraja nikasimama kwa yule fundi wa wanyama wa saruji. Simba wake bado ana meno ya binadamu. Twiga wake bado hana shingo, kichwa kimekaa mabegani kama mtu anayejificha mvua. Unakumbuka ulivyomhoji siku ya kwanza? "Fundi, huyu ni twiga au ni mbuzi aliyepakwa rangi?" Naye akakujibu bila aibu, "Mzee, saruji iliishia mabegani. Ukiniletea mfuko namrefusha." Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi, na kanzu yako nyeupe, ambayo mimi ndiye niliyeifua.

Safari hii fundi alipoona gari akaja mbio. Hakuja upande wangu. Akazunguka upande wa abiria, akafungua mlango, akasimama pembeni kwa adabu, mkono kifuani, kama unavyomngoja mzee ashuke. Alingoja kwa muda ambao mzee mwenye mguu mbovu kama wako anauhitaji. Halafu akaurudishia. Ndipo akanijia mimi: "Shikamoo bibi. Mzee leo mbona hasemi?"

Nikamwambia, "Marahaba. Mzee amechoka."

Ningemwambia nini? Alitazama kule kwa twiga akatabasamu, akarudi kazini. Mimi nikakaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, nikakuacha utazame. Baadaye nikasema tunaondoka, mlango wako ukagonga. Ule mlango, Baba Mwanaisha, haufungiki mpaka upigwe teke. Sikugeuka. Juu ya daraja nikakwambia, tunavuka mto sasa, shikilia. Nilianza kukuhadithia habari za nyumbani: mbuzi aliyezaa, bati lililoruka, Zubeda na yule kijana wake mwenye pikipiki nisiyemtaka. Niliongea kuliko nilivyoongea eda nzima. Niliendesha vizuri. Mtu aliyekuwa pembeni yangu alikuwa mtulivu, na kiti kilikuwa kimezama kwa uzito.

Halafu tukafika kwa Seif.

Anayesoma atakuwa amesimama hapo sasa hivi, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Gari likifa barabara hii, Seif anakwenda kuomba kioo chake cha pembeni. Cha lori, cha basi, cha bodaboda, vyote amevifunga kwenye ua wake mbele ya nyumba, vinatazama barabara. Mimi sikuwahi kupapenda. Vioo vya magari yaliyoua watu, unajitazama humo una uso wa vipande vipande. Wewe ndipo ulipopapenda kuliko pote. Ulikuwa unakaa kwenye lile benchi la Seif na kuniambia, "Hapa mtu anaiona barabara yote bila kugeuza shingo." Nikikwambia twende, unasema, "Kidogo." Kidogo yako ilikuwa adhuhuri mpaka alasiri.

Nikakwambia tumesimama. Nikashuka. Kwenye kila kioo nilijiona mimi, kibibi nimevaa baibui lenye vumbi, na nyuma yangu gari. Na ndani ya gari, kiti cha abiria, kwenye vioo vyote, kulikuwa na kofia. Kofia yako ya kufuma, imeinama kidogo upande mmoja kama unavyoivaa. Sikugeuka. Mama yako alisema nisigeuke.

Hapo ningeondoka tu mambo yangeisha vizuri. Lakini nikasikia nyuma yangu kitu kinakwaruza. Nikamwona kwenye vioo: Seif, na bisibisi, anafungua kioo cha gari letu!

"Wewe kijana! Unafanya nini?"

"Bibi, shikamoo. Mzee aliniahidi. Alisema siku gari hili likifa, kioo chake ni changu."

"Na hili limekufa? Limekuja hapa linabebwa?"

"Nilisikia mzee mwenyewe ndiye..." Akaitazama bisibisi yake, akasema: "Nilidhani vimekwenda pamoja."

Nilimtukana, Baba Mwanaisha. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kuwa ninayo. Nilimwambia hakuna kilichokufa hapa. Nilimnyang'anya bisibisi nikaitupa kwenye majani. Nikapanda, nikawasha, nikaondoka na hasira mpaka mawe yanaruka, na kwenye hasira ile sikusema.

Sikukwambia tunaondoka.

Wala sikujua. Niliendelea kuongea na wewe njia nzima, namsema Seif, nakusema na wewe kwa kuahidi vitu vya nyumbani kwa watu wa barabarani. Gari lilikuwa linaruka ruka kwenye matuta, nikadhani ni mwendo wangu. Nilipofika Handeni mjini nikasimama hotelini nipate chai. Binti akaniletea kikombe kimoja.

Nikasema, "Na kingine."

"Kuna mtu anakuja, bibi?"

"Mtu nimekuja naye."

Akachungulia gari, akanitazama kwa huruma. "Bibi, mbona uko peke yako."

Nilitoka, nikanyanyua kaniki. Ilikuwa nyepesi. Nilifungua fundo nikaona udongo umo, haujapungua hata punje, lakini ulikuwa udongo tu, kama wa kupandia maua. Kiti kilikuwa kimeinuka. Nikakaa kwenye ngazi za hoteli ya watu kama mlevi.

Nikageuza gari. Nilifika kwa Seif jua linazama, yeye mwenyewe hayupo, amekwenda kuswali. Hapakuwa na upepo. Na vioo, vyote, vile vilivyokuwa vinatazama barabara tangu siku ya kwanza nilipoviona, vilikuwa vimegeuzwa. Vyote vinatazama sehemu moja. Vinatazama benchi.

Benchi lilikuwa tupu. Lakini kwenye vumbi mbele yake palikuwa na alama ya mguu mmoja uliokanyaga vizuri na mmoja uliovutwa.

Nikasimama pale nikakugombeza. Nilisema, wewe mzee, utakaa hapa kwa watu mpaka lini? Nyumba yako haina paa? Mke wako si mtu? Nilisema tunaondoka. Nilisema mara nyingi, kwa sauti, kwa kubembeleza, kwa ukali. Nilifungua mlango wa abiria nikangoja. Nilingoja kwa muda ambao mguu wako unauhitaji, na zaidi. Ndege walinyamaza, hata kuku wa Seif. Halafu Seif mwenyewe akatokea kwenye kona, akasimama ghafla.

"Bibi, nani amegeuza vioo vyangu?"

"Muulize rafiki yako," nikasema. Akatazama benchi. Hakukaribia. Toka siku hiyo, nasikia, halikalii, na chai yake anainywea mlangoni.

Mlango niliufunga mimi mwenyewe, kwa teke. Haukujifunga. Na kiti hakikuzama.

Nikaja nyumbani. Zubeda alinipokea na sahani moja. Kesho yake tukauzika ule udongo pembeni ya mama yako, maalim akasoma dua, watu wakala, wakaondoka. Shemeji Bakari akanishika bega: "Shemeji, udongo umefika, mtu amefika. Pumzika sasa." Lakini wewe na mimi tunajua. Aliyefika huja ndotoni kuomba maji ya kunywa, na ndipo nyumba inatulia. Nimelala na mtungi kando ya kitanda. Nimemuuliza Mwanaisha, nimemuuliza Zubeda, hata Bakari nimemuuliza. Hakuna aliyekuota. Pale pembeni ya mama yako tumefunika udongo, na mimi napita kila asubuhi nautazama kama mtu anayetazama kiti cha mgeni ambaye hakuja.

Na sasa nikuambie jambo, halafu nikae kimya. Hao watu wanadhani nasumbuka kwa ajili ya mila. Mila ningeiacha, Baba Mwanaisha, mimi si mtumwa wa mambo ya mama yako. Nasumbuka kwa sababu kwenye ile njia toka Mnyuzi mpaka kwa Seif nilikuwa na wewe. Sikujua kuwa hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kuagana. Nilidhani ndiyo safari ya kukuleta. Nilikupoteza mara mbili, na mara ya pili nilikuwa mimi ndiye dereva. Usiku nyumba hii inalia bati kwa bati. Zamani ilikuwa inalia hivyo hivyo na mimi nilikuwa nakoroma. Sasa nasikia kila bati. Naogopa. Haya, nimeliandika, na Seif atalisikia, na kila mwenye lori atalisikia, wacheke wakitaka.

Naogopa nikifa mimi kabla hujafika. Nitalala pale pembeni ya konzi za udongo, na wewe uko kwenye benchi unatazama mabasi. Tutatafutana vipi? Nani atakuwa amebaki wa kukwambia?

Kurudi kukufuata siwezi tena. Macho yana ukungu, Mwanaisha ameuficha ufunguo, na safari hii ni yeye mwenye haki. Kwa hiyo sikiliza. Nimewaomba wenye magari wote wanaosimama hapo. Yeyote anayekuja Kang'ata, akishamaliza kusoma, afungue mlango wa abiria, angoje kidogo, aseme, "Mzee, twende Kang'ata." Asigeuke. Akusimulie njia kwa kadiri anavyoijua. Nimewaambia huna usumbufu, ila unapenda kusimama kila penye kituko, na wakikuona umekuwa mzito wasiogope, ndivyo ulivyo. Kwa anayekwenda Korogwe, Dar au Arusha, usithubutu kupanda. Nakujua.

Safari hii utakuja bila mimi. Maji yapo mtungini, nayabadilisha kila jioni.

Mkeo, asiyekuaga popote,
Mama Mwanaisha